Uzamili wa biashara ya kilimo: anza na hesabu, chuo baadaye

Tangu nimalize uzamili wangu wa biashara ya kilimo, kila nikishuka soko la Kongowea hapa Mombasa hakosi kijana wa kunishika mkono: "Kaka, ile kozi yako huingiwa vipi?" Nimejibu wimawima mara nyingi, katikati ya mikokoteni. Leo nimekaa kitako niieleze yote.

Hatua ya 1: Jua unataka upi

Kuna uzamili wa sayansi, kama ule wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na kuna MBA (uzamili wa uendeshaji wa biashara) ya biashara ya kilimo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wa kwanza una ekonometriki nzito, yaani takwimu za kupima kitu gani kimesababisha nini, na humalizikia kwenye tasnifu. Ndio wa kuchagua ukiwaza utafiti au kufundisha. MBA huelemea uendeshaji wa kampuni: fedha, masoko, mikakati. Usichague kwa ufupi wa jina.

Hatua ya 2: Makaratasi

Digrii ya kwanza ya kilimo, uchumi, biashara au fani jirani. Vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huulizwa uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka 2. Andaa transkripti (karatasi ya alama zako za chuo), vyeti, kitambulisho na barua za wadhamini. Barua ziombe mapema, kwa mwalimu anayekufahamu, si kwa yule mwenye cheo kikubwa aliyekuona mara moja.

Hatua ya 3: Hesabu, hesabu, hesabu

Hapa ndipo wengi hukwama, na si kwa kukosa akili. Huingia wakidhani wanakwenda kusoma mbegu na mbolea. Hizo uliziacha nyuma. Mwaka wa kwanza utakutana na mikroekonomia iliyojaa kalkulasi, na ile ekonometriki. Miezi mitatu kabla ya kufungua, rudia logarithimu, matriksi na rigresheni (hesabu ya kupima uhusiano wa vitu) kila jioni.

Nikupe ladha yake. Jirani anakwambia: nipe Sh100,000 leo tupande mipapai, baada ya miaka 3 nakurudishia Sh130,000. Kwa macho, faida ni Sh30,000. Lakini kama pesa hizo ungeziweka mahali zikazaa asilimia 14 kwa mwaka, baada ya miaka 3 zingekuwa Sh148,154. Geuza hesabu kinyume: zile Sh130,000 za baadaye, leo zina thamani ya kama Sh87,746. Yaani umetoa laki moja kununua kitu cha elfu themanini na saba na ushei. Somo zima la tathmini ya miradi limesimama juu ya hesabu hii, nami huumia nikiwaona watu wakiweka kiinua mgongo chao shambani bila kuipiga.

Masomo mengine ni uchumi wa uzalishaji, masoko ya mazao, minyororo ya thamani (safari ya zao toka shambani hadi kwa mlaji), mikopo ya kilimo, sera na mbinu za utafiti. Ukishika hesabu, haya yatakwenda.

Hatua ya 4: Mada yako iko mlangoni

Usingoje mwaka wa pili kutafuta mada ya tasnifu. Nenda Kongowea alfajiri, lori la viazi likishusha. Tazama gunia: mdomo umeachwa wazi, viazi vimerundikwa juu, kisha vikashonewa wavu kama kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Tuseme mkulima analipwa Sh2,000 kwa gunia. Kwa kilo 50, amepata Sh40 kwa kilo. Likijazwa hadi kilo 80, amepata Sh25. Zile Sh15 zimeliwa na nani? Dalali, mwenye lori, muuza chipsi, au zimemfikia mlaji? Hiyo ni tasnifu nzima.

Hutaki viazi? Una mnada wa chai, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya nchi kadhaa za Afrika huuzwa hapa kwa dola. Dola ikipanda, mchuma majani huko bara hupata nini? Wanafunzi wa mbali hutamani kukaa karibu na swali kama hilo.

Hatua ya 5: Kibali

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, chukua kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya ya sayansi inayoruhusu utafiti. Mimi nilihoji wachuuzi 40 kwanza, nikidhani karatasi itafuata. Msimamizi alikataa dodoso zote, nikaanza upya muhula uliofuata.

Maswali ya wasomaji

*Kaka, nina daraja la pili la chini, lakini nafanya kazi ghala la chai Shimanzi mwaka wa nne sasa. Nitachukuliwa?*
Una nafasi nzuri, ndugu yangu. Pata barua ya mwajiri inayotaja kazi unayofanya hasa: kupokea mzigo, kupima, kuandaa sampuli. Barua ya "ni mfanyakazi mwadilifu" peke yake haitakusaidia.

*Programu za takwimu ni ghali. Nifanyeje?*
Jifunze R, ni ya bure. Stata utaikuta chuoni, na ukijua moja, nyingine haikusumbui.

*Nimesomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Mlango umefungwa?*
Haujafungwa, ila ni mwembamba, dada. Uliza kama chuo kitakupa masomo ya kuziba pengo ya uchumi na takwimu. Kwako MBA huenda ikawa rahisi kuingia.

*Mwanangu, mimi ni mama wa Mtwapa, nina minazi kidogo. Binti yangu anaitaka kozi hii. Atapata kazi?*
Shikamoo mama. Wenzetu waliosoma kozi hii, wengine wako kwa madalali wa chai, kwenye maghala, benki zinazokopesha wakulima, na serikali ya kaunti. Kazi haimngoji mtu, lakini mwenye hesabu huonekana. Mwambie aanze na minazi yako: aandike ujira wa mkwezi, nazi ngapi kwa kila mnazi, bei ya dalali pale shambani, na bei ya nazi hiyo hiyo ikifika Kongowea. Miezi mitatu, bila kuruka. Akimaliza, aje na daftari tulipitie pamoja.