Matembezi ya familia Kwihara: kutoka kwenye mti hadi kwenye mlango wa nakshi

Mzazi wa Tabora mjini anayetaka kuwapeleka watoto penye miti na wakati huohuo kuwaonyesha kazi za mikono za wachongaji na wajenzi wa zamani hana haja ya kusafiri mbali. Kwihara iko kusini-magharibi mwa mji, umbali usiozidi kilomita 10, na kwa kuwa ardhi yake ni tambarare, hata mtoto wa miaka mitano anaweza kutembea sehemu ya mwisho bila kubebwa. Watu wengi huenda kwa gari au bodaboda hadi mlangoni pa tembe, nyumba ya zamani ya udongo yenye paa bapa ambayo sasa ni makumbusho, wakatazama kwa dakika kumi na kurudi. Nashauri mshuke mapema na mtembee, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuugusa mti huutazama mlango wa nakshi kwa jicho jingine.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri zaidi, kwani mvua imekwisha, njia ni kavu na asubuhi kuna ubaridi. Ondokeni saa moja, ili saa nne iwakute mmekwisha kufika kivulini. Niliwahi kuwapeleka wanangu saa sita mchana mwezi wa Oktoba, na hawakukumbuka chochote isipokuwa jua. Chukueni maji ya kutosha, karanga na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), chakula kisichoharibika njiani. Vaeni nguo za rangi hafifu zenye mikono mirefu. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, hivyo jinzi si vazi la kufaa katika nchi ya miombo. Siku moja kabla, ulizeni saa za kufungua makumbusho na kiingilio chake.

Njiani, tafuteni miti mitatu tu. Wa kwanza ni mninga, ambao gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Tafuteni jeraha la zamani, msiukate mti kwa ajili ya maonyesho. Mbao zake ndizo zinazotafutwa kwa samani na milango, na mininga mikubwa imekuwa adimu karibu na makazi. Wa pili ni mtundu au myombo mwenyewe, mti ambao gome lake hutengenezewa mizinga ya nyuki. Mrina asali wa Kinyamwezi hulivua gome kama bomba, akalishona kwa vijiti na kuziba ncha zake. Waelezeni watoto ufundi huo, lakini waambieni pia kwamba mti uliovuliwa gome pande zote hufa, na kwa sababu hiyo wafugaji wengi sasa wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao. Mkiona mzinga juu ya mti, simameni mbali, msipige kelele, na siku hiyo msijipake manukato. Wa tatu ni mwembe. Miembe mizee ya Tabora inahusishwa na njia za misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na kivuli chake ndipo pazuri pa kula na kusimulia.

Simulizi lenyewe lianze na wapagazi. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, alikaa Kwihara mwaka 1871, na Livingstone akakaa hapo mwaka 1872, kuanzia Februari hadi Agosti, akiwasubiri wapagazi kutoka pwani. Bila mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hakuna msafara ambao ungeondoka, na mtoto wa Tabora anastahili kulijua hilo kabla ya kusikia majina ya wageni.

Mkifika kwenye tembe, msiingie mara moja. Wapeni watoto nafasi wautazame ukuta mnene na paa bapa la udongo uliolazwa juu ya miti, kisha wakiingia ndani waulizwe kwa nini kuna ubaridi. Mlangoni ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Milango ya aina hii ilifuata misafara kutoka pwani, na fundi wa pwani ana jina kwa kila sehemu: miimo ni nguzo za pembeni, mfaa ni ubao uliosimama katikati ambapo mbao mbili hukutana. Mwambieni kila mtoto achague ua au mstari mmoja, aufuate kwa macho mpaka unapoishia, kisha auchore kwenye daftari. Wasiguse nakshi, kwani jasho na mafuta ya vidole huharibu mbao pole pole. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha za mahali au za watu.

Mkiwa hapo, wasimulieni habari za kiti chenye egemeo refu kilichochongwa na Wanyamwezi wa Buruku, kiti cha enzi ambacho leo kimo katika makumbusho ya Berlin. Mwanangu wa pili aliuliza kama tunaweza kwenda kukitazama kwa miguu, nami sikuwa na jibu jepesi. Rudini kwa njia ileile, na mkipita tena chini ya mninga mwacheni mtoto aseme mwenyewe ni nini angechonga kutoka humo.