Jinsi ya Kuifanya Nyumba ya Mawe ya Lamu Kuwa Benki Bila Kuvunja Ukuta

Anayepewa nyumba ya kale ya Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, ili aifanye tawi la benki, aanze kwa kupima upana wa vyumba, kwa kuwa hapo ndipo ramani nyingi za ofisi hukwama. Misana ya Lamu, yaani vyumba vyake vya kukaa, ni mirefu na myembamba, yenye upana wa karibu mita 2.5 hadi 3, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko zisizoweza kuvuka nafasi kubwa zaidi, na ukuta unaodhaniwa kuwa wa kutenganisha tu huenda ndio ulioibeba safu nzima ya boriti. Usiuvunje ili upate ukumbi mpana.

Ifuate nyumba inavyoingiwa. Daka, ukumbi wa mlangoni, ambalo tangu zamani ndipo mwenye nyumba alipompokea mgeni aliyekuja kwa shughuli, liwe pa kungojea, na baraza zake za mawe zibaki. Kiwanda, yaani ua wa nyumba, kiwe cha foleni. Wahudumu wakae katika msana wa kwanza, na chumba kiitwacho ndani, penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, pawe pa meneja. Zidaka hizo ni plasta ya chokaa iliyochongwa kwa mkono, hivyo nyaya za kompyuta zipite chini, kando ya sakafu, pasitobolewe kitu. Sefu ikae chini kabisa, kamwe isipandishwe ghorofani.

Jambo linaloharibu nyumba nyingi kuliko yote ni saruji. Kuta zile, zenye unene wa karibu nusu mita, ni matumbawe na chokaa; hunywa unyevu wa bahari na kuutoa. Ukizipaka saruji, unyevu hukwama ndani, na chumvi husukuma plasta mpaka ibanduke: pitisha kidole kwenye ukuta wa namna hiyo, utabaki na unga mweupe unaokolea ulimini. Mtafute fundi anayejua chokaa, apake tabaka nyembamba, kila moja ikauke polepole chini ya magunia yaliyoloweshwa.

Kazi yoyote itanguliwe na kibali cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwani Mji wa Kale umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Na isidhaniwe kwamba nyumba hizi hazifai ofisi: posta ya Wajerumani ilifanya kazi Lamu kuanzia 1888 hadi 1891 ndani ya nyumba ya mji huu huu, nayo ingali imesimama.