Namna ya kumtazama Mabel Normand

Zima sauti kwanza. Mabel Normand alikuwa mwigizaji wa vichekesho wa Marekani, enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti, na muziki unaousikia kwenye filamu zake mara nyingi umewekwa miaka mingi baadaye. Enzi zile piano ilipigwa mlemle ukumbini. Wengi huziita filamu bubu. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama na neno hilo silitumii, kwa sababu Mabel anasema mengi mno. Nashinda nikisoma nyuso na mikono ya watu, na sijaona mwigizaji anayesomeka kama huyu binti wa Staten Island, New York, aliyezaliwa 1892 na kuanza kwa kukaa mbele ya wachoraji kabla ya kukaa mbele ya kamera.

Kisha tazama mwendo. Ukiona watu wanakimbia kama siafu waliochokozwa, kosa si lao. Kamera ilizungushwa kwa mkono, na picha zikirushwa kwa kasi ya leo kila kitu huharakishwa. Ingia kwenye mipangilio ya video, punguza kasi hadi 0.75. Hapo macho yake yataanza kuonekana.

Anza na Fatty and Mabel Adrift ya 1916, aliyocheza na mchekeshaji Roscoe Arbuckle, mumewe ndani ya filamu. Subiri usiku uingie. Mabel amelala, mumewe hamgusi, ila kivuli chake kinainama taratibu juu yake mpaka kinambusu. Simamisha hapo, rudisha nyuma. Nilipowaonyesha vijana viziwi ninaofanya nao kazi, binti mmoja aliomba tukirudie mara tatu, kisha akakirudia yeye mwenyewe kwa mikono, kivuli na busu, bila kukosea. Baadaye nyumba inaelea baharini, nao wanaamka majini. Utacheka, lakini kile kivuli ndicho utakachokumbuka.

Ifuate Mabel's Blunder ya 1914. Aliiandika, akaiongoza, akaicheza. Ndani yake anabadilishana nguo na dereva ili ampeleleze mchumba wake. Linganisha mabega yake kabla na baada ya kuvaa sare.

Halafu Mabel's Strange Predicament, ya mwaka huohuo. Watu huifungua kwa ajili ya Charlie Chaplin, maana ndiyo ya kwanza kupigwa akiwa na mavazi yale ya mzururaji. Itazame mara mbili, na mara ya pili mfuate Mabel peke yake: amefungiwa nje ya chumba cha hoteli na nguo za kulalia, anatafuta pa kujificha. Chaplin alikuwa mgeni kazini wakati ule, na bado walipofanya Mabel at the Wheel aligoma kuelekezwa na mwanamke huyu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Usianze na habari za kuuawa kwa mwongozaji wa filamu William Desmond Taylor, Februari 1922. Mabel alimtembelea jioni ile, magazeti yakamtafuna, ingawa hakushtakiwa. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1930, akiwa na miaka 37.

Maandishi yanayotokea katikati ya picha ni ya Kiingereza. Kama unatazama na wengine, yasome mapema, uwatafsirie kabla ya kuanza.

Mickey ya 1918 iweke mwisho. Ilitengenezwa na kampuni yenye jina la Mabel mwenyewe, nayo ni ndefu, kwa hiyo tenga jioni nzima na uchaji simu mapema.