Kabla ya kunukuu: nani aliisoma kazi hii kwanza?

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandaa memwari, kazi ya kumaliza chuo, juu ya kobalti hukutana na maandishi ya kila namna: makala za majarida, vitabu vya kuagiza kwenye intaneti, ripoti za kampuni za migodi na za mashirika ya utetezi. Kabla ya kuchota hata takwimu moja, ujue ni nani aliyeisoma kazi hiyo kabla haijatoka, na kama alikuwa na uwezo wa kuikataa.

Kwa jarida, anza na ISSN, namba ya utambulisho ya jarida, tarakimu nane zenye kistari katikati. Itafute kwenye portal.issn.org, ulinganishe jina, nchi na anwani ya tovuti, maana wapo matapeli wanaoiba jina na namba ya jarida la kweli na kufungua tovuti yao. Namba hiyo ni utambulisho tu. Jarida bovu nalo huipata. Kwa hiyo pitia pia DOAJ, orodha iliyoanzishwa mwaka 2003 ya majarida yanayosomwa bure, ambayo hukagua jarida kabla ya kulipokea. Lisipokuwemo, usilihukumu haraka: majarida ambayo msomaji huyalipia hayaingii humo, na ya vyuo vyetu mengine hupatikana kwa karatasi tu. Hayo yafuate maktabani, uangalie kamati ya wahariri na vyuo vyao, kisha umuulize profesa anayewafahamu.

Ada siyo dhambi. Majarida mengi mazuri humtoza mwandishi. Shaka huanza pale bei inapofichwa hadi makala ikubaliwe, au makala inapoahidiwa kuchapishwa ndani ya siku tatu. Mwaka 2013 jarida la Science lilisimulia jaribio la makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, iliyopelekwa kwa majarida 304: 157 yaliikubali. Ndiyo maana tarehe za kupokelewa na kukubaliwa zina uzito: zinaonyesha kama palikuwa na muda wa kuisoma makala. Utazikuta, kwa mfano, kwenye utafiti wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wa Leuven, Ubelgiji, uliotoka kwenye jarida la Nature Sustainability mwaka 2018.

Hata jina kubwa halitoshi. Mwaka 2023 mchapishaji Wiley aliondoa makala zaidi ya 8,000 za majarida ya Hindawi, kampuni ambayo Wiley aliinunua mwaka 2021. Nakala uliyotumiwa na rafiki kwenye simu haitakuambia hayo. Fungua ukurasa wa makala kwa mchapishaji, utazame kama kuna tangazo la kuiondoa.

Vitabu vina mtego wake. Kuna nyumba za uchapishaji zinazowatumia barua waliokwisha kutetea memwari na kuwaahidi kuichapa bila malipo. Hakuna anayeisoma wala kuisahihisha. Inapewa ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu, na jalada zuri, basi. Ukikitumia kitabu cha namna hiyo, kipime kama memwari, si zaidi.

Ripoti za kampuni na za mashirika ya utetezi zote zina upande. Hazifai kutupwa, ila kwanza tafuta aliyelipia kazi, idadi ya sampuli, mahali na siku zilipochukuliwa, na maabara iliyozipima. Ikiandikwa tu kwamba maji yalipimwa na ni salama, au ni sumu, inukuu kama kauli ya mwenye ripoti, ukimtaja ndani ya sentensi yako.