Silinda ya msumeno wa mnyororo ikikwaruzika, ichunguze kabla ya kuitupa

Msumeno wa mnyororo unaopita mikono mingi haukawii kufa. Huku Kigoma, michikichi mikongwe ya dura (aina ya zamani) ikikatwa kupisha tenera (chotara ya kisasa), leo anautumia huyu, kesho yule, na kila mmoja anachanganya petroli na oili kwa kukisia. Siku moja unazima ukiwa wa moto, kamba haivutiki, na fundi anasema silinda imekwisha. Mara nyingi haijaisha.

Ukishapoa, fungua ekzosi, umulike tochi ndani ya tundu huku ukivuta kamba polepole, ikikubali. Pistoni iliyochubuka upande huo imekosa oili au imezidiwa na joto. Ukishaichomoa silinda, tazama na upande wa kabureta: ukiwa umesagika na kupoteza mng'ao, shuku vumbi lililopenya kwenye chujio.

Silinda nyingi za misumeno hii ni alumini iliyopakwa ndani tabaka jembamba, gumu, la nikeli au kromu. Pistoni ni alumini tupu, laini zaidi, hivyo injini ikikwama, yenyewe ndiyo inayeyuka na kugandia ukutani. Pitisha ukucha. Ukigota kwenye kilichoinuka, hayo ni mabaki ya pistoni. Ukizama kwenye mfereji, silinda yenyewe imeumia.

Mabaki huondolewa kwa kostiki soda, ileile ya wapika sabuni ya mawese. Inakula alumini, ila nikeli na kromu inaziacha. Lakini inakula na macho: vaa miwani na glavu za mpira, fanyia nje mbali na moto, tia kostiki kwenye maji (kamwe si maji kwenye kostiki), na utumie chombo cha plastiki, si sufuria. Paka kwa kijiti chenye pamba juu ya alama tu. Kingo za matundu ya silinda hazina tabaka, usiziguse. Povu litatoka; futa, rudia. Likikoma, mabaki yamekwisha. Likiendelea kuchemka palepale, au ukiona tabaka limebanduka, acha, kanunue silinda nyingine.

Suuza kwa maji mengi, pitisha kidogo msasa laini uliolowa oili, kwa mshazari, kisha osha kwa sabuni, kausha na upake oili.

Pistoni na ringi ziwe mpya. Kuna wanaoisugua ile ya zamani na kuirudisha. Mimi siafiki, bei yake haistahili kamari hiyo. Ila pistoni mpya nayo itaungua kama chanzo kimebaki: mpira wa kabureta uliopasuka, sili za krenki (mipira inayoziba ncha za shafti ya injini) zinazovuta hewa, au oili pungufu. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine. Kikisema 50:1, ni mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa lita ya petroli. 25:1 ni mililita 40. Pima kwa sirinji ya duka la dawa, na uandike kipimo kwenye dumu ili anayeazima asikisie.