Mgonjwa wa sukari akitoka jasho kwenye baridi, mpe sukari kwanza

Huku kwetu nyanda za juu ugonjwa wa kisukari tunauita sukari tu, na mi naona hilo jina linatuponza, maana watu wakishajua baba ana sukari basi kopo la sukari linafichwa kabisa, hata siku ambayo vijiko vitatu tu vingemwokoa.

Baba yangu mdogo yuko Uyole, Mbeya, anachoma insulini, ile sindano ya kushusha sukari. Julai moja kachoma sindano yake alfajiri afu akawahi shambani kuvuna viazi bila kunywa chai. Ile baridi ya Julai mnaijua, watu wote makoti na kofia za sufu, yeye shati limelowa mgongoni, jasho linadondoka kidevuni, mikono inatetemeka mpaka jembe limemtoka, na ukimuuliza kitu anajibu vingine. Vijana wakasema mzee kapitia komoni, pombe yetu ya kienyeji, mapema leo, wakamwacha kakaa kwenye tuta. Aliyeshtuka ni mama mmoja wa shamba la jirani, akamnywesha soda, baada ya muda akaanza kututambua. Sukari ilikuwa imeshuka.

Kwa hiyo ukiona jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu au anaongea kama mlevi, na unajua anatumia sindano au vidonge vya sukari, usisubiri. Kama kipimo kipo pima, chini ya 4 (kwa mmol/L) imeshuka, kama hakipo mpe tu. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haisaidii), au kijiko kikubwa cha asali. Ngoja dakika 15, hajakaa sawa rudia. Akipata nafuu ale chakula kabisa, ndizi au mkate, la sivyo itashuka tena. Anayetumia vidonge vya glibenklamaidi mpelekeni hospitali hata kama kazinduka, hivyo vinaweza kuishusha tena masaa kadhaa baadae.

Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, tafuta gari au bajaji twende. Na tafadhali, mtu kachanganyikiwa usimchome insulini kwa kubahatisha.

Sukari ikipanda inakuja taratibu, masaa mpaka siku kadhaa: kiu, kukojoa kila saa, kichefuchefu, tumbo kuuma, anahema kwa nguvu, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva sana. Kama anaweza kunywa mpe maji, asiache insulini, na mumuwahishe hospitali usiku huohuo, msiseme tuone kesho, hasa mnaokaa vijiji vya mbali kama Makete.

Sasa kujikinga. Aina ya kwanza, inayowapata zaidi watoto na vijana, haizuiliki, tusiwalaumu wazazi. Aina ya pili kwa sehemu kubwa inazuilika. Angalia chai tu, kwa baridi yetu mtu anakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, hivyo ni vijiko 12 na bado hujagusa andazi wala soda, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana usizidi kama 6. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi unazoea. Nusu sahani iwe mboga, mnafu, chainizi, majani ya maboga, ugali wa dona badala ya sembe na usiwe mlima, maharage yapo tele. Tembea dakika 30 siku tano za wiki, Mwanjelwa mpaka Kabwe huhitaji bajaji.

Na ukapime, hasa kama una kitambi, umevuka miaka 40 au kwenu kuna mgonjwa. Kabla hujala kitu asubuhi, 7 kwenda juu ikirudiwa siku nyingine ikaja hivyohivyo ndo sukari yenyewe, ila 6.1 mpaka 6.9 bado unaweza kuirudisha, hapo ndo pa kushtuka.