Somo: kuiongoza glaida ya baharini kwa kuusoma mkondo

Glaida ni chombo cha kupimia bahari kisicho na mtu ndani, na rubani wake hukiongoza kutoka mbali. Ile ya kawaida haina rafadha. Huvuta mafuta ndani ikazama, huyasukuma kwenye kifuko cha nje ikapanda, na mabawa yake hugeuza huko kushuka na kupanda kuwa mwendo wa mbele. Kasi yake ni kama mita 0.3 kwa sekunde, karibu kilomita 26 kwa siku. Mikondo mikubwa huizidi mara kadhaa, na rubani anayeshindana na maji atamaliza betri akiwa pale pale.

Hatua ya 1: farumi, yaani uzito wa kusawazisha chombo. Jua uzito wa maji ya huko inakokwenda. Glaida ya lita 50 ikiingia kwenye maji yaliyo mazito kwa kilo 1 zaidi kwa kila mita ya ujazo, inadai gramu 50 za ziada ili izame vilevile.

Hatua ya 2: mbizi fupi za kwanza. Linganisha kasi ya kushuka na ya kupanda. Ikishuka upesi kuliko inavyopanda, ni nzito. Sahihisha kiasi cha mafuta. Kisha sogeza betri kuelekea omo au tezi hadi mwinamo ukae sawa (Slocum, aina mojawapo ya glaida, huinama kama nyuzi 26). Badilisha kitu kimoja tu kila mbizi. Niliwahi kugusa mwinamo na usukani kwa pamoja, nikapoteza siku mbili nikitafuta kosa.

Hatua ya 3: mkondo wenyewe. Hapa ndipo pa kutulia. Chini ya maji hakuna GPS, hivyo glaida hukadiria ilipo kwa dira, mwinamo na kina. Ikiibuka, GPS huonyesha ilipo kweli. Gawanya tofauti hiyo kwa muda iliokaa chini, utapata wastani wa mkondo wa matabaka yote iliyopita. Tuseme imekaa saa 6, yaani sekunde 21,600, ikaibukia mita 3,240 kaskazini mwa ilipodhani: mkondo ni mita 0.15 kwa sekunde kwenda kaskazini.

Sasa fungua utabiri wa mikondo unaotolewa na kompyuta, uwe wa mfumo wa HYCOM au wa Copernicus. Wengi huchukua ramani ya uso wa bahari, na glaida yao inashinda mamia ya mita chini yake! Chukua matabaka yote hadi kina cha mbizi, tafuta wastani, ulinganishe na ulichopima. Vikipatana kwa mbizi tatu nne, uamini utabiri wa kesho. Vikipingana, ifuate glaida.

Hatua ya 4: elekeza omo. Unataka mashariki, na mkondo ni ule wa 0.15 kwenda kaskazini? Lenga nyuzi 30 kusini mwa mashariki. Utasonga mita 0.26 kwa sekunde. Mkondo ukizidi kasi yako, anzia mbali upande mkondo unakotokea, uukate moja kwa moja, ukubali kuchukuliwa. Mwaka 2009 glaida RU27 ya Chuo Kikuu cha Rutgers ilivuka Atlantiki kutoka New Jersey hadi Hispania kwa siku 221, marubani wakitafuta mizunguko ya maji inayoelekea wanakotaka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, karibu na pwani mkondo unageuka kila mbizi. Nifuate upi?*

Hayo ni maji kujaa na kupwa. Tafuta wastani wa mzunguko mzima, kama saa 12 na dakika 25. Penye mlango mwembamba usipite wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Subiri maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

*Kila ninakoelekea, mkondo unaonekana kunipinga usoni. Inawezekana?*

Bahari haigeuki kila unapogeuka wewe, ndugu. Glaida yako inakwenda polepole kuliko hesabu inavyodhani, pengine viumbe vimeganda mwilini mwake. Ungekuwa unaonekana kukusukuma upande uleule wa kulia au kushoto daima, ningeishuku dira.

*Nikisukuma mafuta mengi zaidi niende kasi?*

Kwa saa chache, ukivuka ukingo wa mkondo, ndiyo. Lakini kasi mara mbili hudai umeme karibu mara nane, kwa hiyo ukishavuka rudisha kiasi cha awali siku hiyohiyo.